Shingo Iliyokatazwa Kulia

Beldina alijua kulia. Msicheke, nasema kwa heshima zote. Kuna aliyejaliwa sauti ya kanisani, kuna aliyejaliwa mkono wa kupika, na huyu binti wa Awasi, huko nyanda za Kano, alijaliwa kulia matanga. Mtu akifa, hata kama ni wa kijiji cha tatu, Beldina alitumiwa mtu aje. Alisimama langoni mwa boma, leso imekazwa kiunoni, akamwita marehemu kwa majina yake yote ya sifa. Halafu aliingia mbio, mikono juu, mabega yakitetemeka, kichwa akikirusha nyuma na mbele, na sauti ikitoka kifuani kama haina mwisho. Wajaluo wanaita kilio hicho dengo. Waliokuwa wamekauka macho tangu asubuhi waliangua. Wazee waliacha habari zao za ng'ombe. Hata wale waliofuata wali na nyama tu, na matanga hayawakosi watu hao, walijikuta wanafuta pua.

Naye alijijua, tusidanganyane. Alipofika mahali alipewa kiti kabla ya wake wa machifu, na alikikalia bila kuona haya.

Oketch alimwoa akampeleka kwao Seme, upande wa pili wa Kisumu. Huko wakamwita Nyar Kano, yaani binti wa Kano, maana ndivyo wanavyowaita wake zao, kwa walikotoka. Mama mkwe alimpenda mpaka wifi yake Lornah, dada yake Oketch, akaona wivu kidogo. "Nyar Kano," mama mkwe alikuwa akimwambia mbele ya watu, "mimi nikifa sitaki kwaya. Nakutaka wewe." Beldina alicheka akaahidi. Nani hukataa kumwahidi mama mkwe aliye mzima anayecheka?

Oketch alikuwa fundi wa baiskeli, mtu mkubwa wa mwili na mpole mno, na Seme hapakuwa na baiskeli za kutosha kulisha nyumba. Wakahamia Kisumu, mtaa wa Obunga. Yeye akaweka pampu na spana zake kando ya barabara, mke akaingia biashara ya samaki. Ilikuwa miaka ya themanini, mbuta walikuwa wamejaa ziwani, samaki wakubwa mpaka mtu mzima anambeba mmoja begani na mkia unaburuta chini. Beldina alinunua ufukweni akajitwika beseni kichwani mpaka sokoni. Shingo yake ilikuwa ya kubeba, wenzake walisema hivyo wenyewe.

Siku moja ya mwaka wa themanini na nne, alikuwa anatwikwa beseni pale kwenye mawe ya ufuo. Kutwikwa ni kazi ya watu wawili, huyu anainua huku na yule kule, halafu mwenye mzigo anaingia chini. Mwanamke wa upande wa kushoto akateleza. Beseni zima likaanguka upande mmoja wa kichwa cha Beldina, na shingo ikapinda mpaka sikio likagusa bega. Alisikia kitu kikilia ndani, kama kuni kavu zinapokanyagwa. Akaanguka, akainuka, akacheka kwa aibu, akaokota samaki wake. Sasa jamani, nani aliwahi kwenda hospitali kwa sababu shingo imepinda? Alikwenda sokoni akauza.

Kichwa kilianza wiki ileile. Kilianzia nyuma, pale fuvu linapokalia shingo, kikapanda polepole upande wa kulia, kikaja kukaa nyuma ya jicho. Kikishafika hapo hakuna kazi tena. Mwanga wa mlango ulimchoma. Harufu ya mafuta ilimtapisha. Alilala chini sakafuni, leso ya maji usoni, na watoto wakajifunza kuongea kwa kunong'ona ndani ya nyumba yao wenyewe.

Na Kisumu mnaijua. Kichwa kikiuma Kisumu, ni malaria. Alimeza klorokwini mpaka ngozi ikamwasha usiku na mchana. Waliposhindwa na malaria wakasema ni macho, akanunua miwani. Wakasema ni meno, akang'olewa mawili mazima. Mchungaji akamwekea mikono. Bibi mmoja wa Nyalenda akamchanja kwa wembe kwenye paji la uso akapaka dawa nyeusi, akabaki na alama tu. Hospitali nako wakampiga picha, na daktari kijana akaiinua dirishani akasema, "Mama, mifupa iko sawa. Huna kitu."

Huna kitu! Maneno hayo mawili yalimuumiza Beldina kuliko sindano zote. Maana mtu asiye na kitu akilala mchana anaitwaje? Mvivu. Mwenye visingizio. Anayetaka mumewe amwonee huruma. Na kweli, majirani hawakukawia kuyasema hayo.

Ila matanga hakuacha. Hapo ndipo utamshangaa. Jumamosi alikwenda Seme au Kano akalia kama zamani, Jumapili akalala chini anatapika. Hakuona uhusiano, na wala hakuna aliyemuuliza. Alidhani ni uchovu, au jua, au huzuni ya watu imemwingia. Miaka tisa ilipita hivyo. Miaka tisa, mwenzangu, si mchezo.

Oketch ndiye aliyempata Waithira. Alikuwa akinunua spoku na gololi za baiskeli kwenye duka la Kangethe, Mkikuyu mmoja aliyekuwa amekaa Kisumu hadi Kijaluo chake kikawa kizuri kuliko cha vijana wa mjini. Siku hiyo Oketch alikuwa ameinama kwenye kaunta, hana furaha. Kangethe akamuuliza, naye akamweleza habari za mkewe. "Kwani hukujua?" Kangethe akasema. "Mke wangu kazi yake ni hiyo. Alisomea Uingereza, kunyoosha migongo na shingo kwa mikono. Watu hapa hawamwelewi, wanadhani ni mambo ya kukanda. Mlete."

Chumba cha Waithira kilikuwa nyuma ya duka, safi, kina dirisha kubwa na kitanda kirefu chenye tundu la kuwekea uso. Beldina alipoliona tundu lile nusura arudi nyumbani. Waithira mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mikono minene, asiyetabasamu ovyo. Hakumgusa siku hiyo. Alimuuliza maswali tu. Je, mikono inakufa ganzi? Umewahi kuzirai? Ukigeuza kichwa unaona kizunguzungu? Uliwahi kuanguka, kugongwa, kuvutwa shingo? Hapo Beldina akakumbuka lile beseni, akalieleza kwa haya, maana lilikuwa jambo la zamani na dogo.

"Si dogo," Waithira akasema. Akataka picha mpya, ya shingo safari hii, si ya kichwa. "Mimi sigeuzi shingo ya mtu ambayo sijaiona ndani."

Picha ilipokuja aliitazama kwa muda mrefu, halafu akaweka vidole vyake viwili chini ya fuvu la Beldina, upande wa kulia, akabonyeza kidogo. Maumivu yakaruka moja kwa moja mpaka nyuma ya jicho. Beldina akapiga ukelele.

"Ndipo hapo?"

"Ndipo! Haki ya Mungu ndipo!"

"Basi kichwa chako hakina ugonjwa, Mama. Kinaumizwa na shingo. Viungo vya juu hapa viliumia siku ile, vikakaza, na misuli imekaza juu yake kuvilinda. Unasikia maumivu kichwani lakini yanatoka huku."

Beldina akaanza kulia, kilio cha kawaida cha mtu aliyekaa kitini. Oketch alidhani ameumizwa, akainuka. "Niache," mkewe akamwambia. "Ni kwamba nina kitu. Baba Dorca, umesikia? Nina kitu."

Matibabu yakaanza. Mara ya kwanza Waithira alipoishika shingo ile, akaizungusha taratibu, halafu kwa ghafla akaisukuma kidogo tu, ikalia ko! Oketch alikuwa mlangoni. Aliruka ndani kama aliyesikia bunduki, spana mkononi, mpole yule wa watu, tayari kupigana na mwanamke mfupi. Walikuja kumcheka baadaye, hata yeye mwenyewe alijicheka. Lakini Waithira hakuwauzia uongo. "Sikuahidi kupona," alisema. "Nakuahidi kujaribu, na wewe unifuate ninavyokwambia." Usijitwike kitu kichwani tena, hata kibuyu. Ulale na taulo iliyokunjwa chini ya shingo badala ya mto mkubwa. Na kila asubuhi uvute kidevu nyuma, kama mtu anayekwepa busu. Watoto wa Obunga walimwona akifanya hilo la mwisho nje ya nyumba wakamwiga mtaa mzima.

Baada ya miezi miwili kichwa kikapungua, lakini kila Jumatatu alirudi shingo ikiwa imekaza upya. Waithira akachoka kubahatisha. "Mama, Jumamosi unafanya nini?"

"Nakwenda matanga."

"Unabeba nini huko?"

"Sibebi. Nalia."

"Kulia hakuumizi shingo."

"Ninavyolia mimi, labda."

"Nionyeshe."

Beldina alikataa. Haililiwi hewa, alisema, lazima awepo marehemu. Waithira akafikiri kidogo. "Mama yangu alifariki nikiwa Uingereza. Sikumzika. Alikuwa anaitwa Gakenia."

Beldina akauliza alikuwa mtu wa namna gani, alilima nini, alipenda nini, alizaa wangapi. Halafu akasimama katikati ya chumba, akakaza leso, akamlilia Gakenia. Alimlilia mwanamke asiyemjua, kwa lugha ambayo Gakenia hakuwahi kuijua, akaenda mpaka dirishani akarudi, mikono juu, kichwa kikienda nyuma mpaka kisogo kinagusa mgongo. Wateja wa dukani walikuja mlangoni na kofia mikononi. Waithira aliweka uso wake kwenye taulo akatetemeka mabega, yeye asiyetabasamu ovyo. Alipomaliza, akajifuta.

"Asante," akasema. "Sasa, hicho ulichokifanya, usikifanye tena maisha yako yote."

Beldina alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Kila akirusha kichwa vile, Waithira alimweleza, anakwenda kukivunja kile walichokitengeneza wiki nzima, na ipo siku kitavunjika pasipotengenezeka. Achague.

Alichagua. Nawaambia ukweli, lilimuuma. Aliwapelekea watu wa Kano na Seme salamu kwamba daktari amemkataza. Jumamosi za kwanza alikaa nyumbani akiwa hajui mikono yake aiweke wapi. Lakini kichwa kilitulia, kwanza wiki moja, halafu tatu, halafu akapitisha msimu mzima wa mvua bila kulala chini hata mara moja. Viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa mjini, vinachukua minofu na kutupa mifupa, na wanawake wa Obunga wakaikaanga wakaiuza kwa jina la mgongo wazi. Beldina akaingia biashara hiyo. Oketch alimbebea mifupa kwa baiskeli. Beldina alisimama juu ya mafuta yanayochemka akasikia harufu yake, na hakutapika. Alijua mtu anavyoamka asubuhi na kichwa kikiwa ni kichwa tu. Alikuwa mwanamke mwenye furaha, na alisema hivyo waziwazi kwa yeyote aliyemsalimia.

Basi mwishoni mwa mwaka uliofuata mama mkwe akafa.

Walikwenda Seme, na njiani Oketch akamshika mkono. "Kaa na wanawake. Lia kwa mdomo. Mimi nitaeleza." Na alieleza, maskini, kwa kila mtu, na kila mtu aliitikia kwa kichwa bila kumsikia. Walikuwa wakimngojea Nyar Kano. Beldina aliketi karibu na jeneza, shingo imefungwa leso, machozi yanamtiririka mpaka kifuani, akaimba polepole sifa za mama yule aliyempenda kweli. Hakusimama. Lornah alimtazama asubuhi nzima. Mchana uvumilivu ukamwishia.

"Mama yangu analiliwa hivi? Kama kuku amekufa?"

"Ni shingo, Lornah," Oketch akasema. "Daktari—"

"Daktari yupi? Yule Mkikuyu wa nyuma ya duka anayelisha watu hofu? Hospitali kubwa ilimpiga picha ikasema hana kitu, uliniambia wewe mwenyewe! Mama alimwomba kitu kimoja tu. Mbele yetu sote alimwomba."

Beldina alisikia yote. Alitamani kuinuka. Nusura ainuke, Mungu anajua. Oketch alimwekea mkono begani, mkono ule mzito, na mama mkwe akazikwa kwa kwaya. Tangu siku ile watu wa Seme walimsalimia Beldina kwa ncha za vidole. Ulikuwa ubaridi tu, na ubaridi mtu anaweza kuishi nao kama ana mume.

Mume ndiye aliyeanza kukonda. Ulikuwa ugonjwa ule ambao miaka hiyo kila mtu aliujua na hakuna aliyeutaja. Mwili mkubwa ule ulipungua shati baada ya shati. Kufikia mwaka wa tisini na sita hakuweza tena kusukuma pampu, alikaa mlangoni akiwaelekeza wateja wajaze upepo wenyewe. Hata hapo, jioni ilipofika, alimkunjia mkewe taulo ya kulalia. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

"Nyar Kano," alimwambia siku moja, "nikienda, unililie kwa mdomo. Shingo uiache."

"Nyamaza na wewe. Nani amesema unaenda?"

"Niahidi."

"Haya, nimekuahidi. Kunywa uji."

Alikufa baada ya siku chache, asubuhi, mkewe akiwa amemshika.

Wakampeleka Seme kwa pikapu. Beldina aliposhuka langoni aliwakuta watu wamejipanga pande mbili, kimya, wakimwacha apite katikati. Walikuwa wakitazama shingo yake. Nawaapia, watu walikuwa wakitazama shingo, si macho. Akapiga ukelele wa mjane, kama inavyompasa, akaanza kumwita mumewe kwa sauti ya chini, mikono kifuani, kichwa kimetulia.

"Mnaona?" Lornah akasema. "Hata mume wake."

Mzee Dishon, baba mdogo wa Oketch, ndiye aliyemlea tangu baba yake afe. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele. Hakupaza sauti, lakini palikuwa kimya kiasi kwamba kila mtu alisikia. "Mwanamke anayeshindwa kumlilia mume wake," akasema, "anaficha nini?"

Miaka ile, na ugonjwa ule, hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya swali hilo. Maana yake ni kwamba wewe ndiye uliyemuua. Na mwanamke aliyeua mume hana nyumba katika boma lile, na watoto wake hawana shamba. Beldina aliwatazama watoto wake watatu, Dorca na wadogo zake, wamesimama nyuma ya pikapu wameshikana mikono.

Lakini asije mtu akaniambia ni woga tu uliomfanya. Sitakubali. Wakati ule ule walikuwa wakishusha jeneza, na walilishusha watu wawili. Wawili tu! Oketch, ambaye zamani watu wanne hawangemwinua akiwa amelala. Walilibeba bila hata kukaza meno. Beldina aliuona wepesi ule, na kitu ndani yake kikakatika. Alisahau ahadi, alisahau Waithira, alisahau hata nafsi yake. Akakaza leso.

"Oketch!" akaita. "Oketch mwana wa Seme, uliyewarudisha barabarani wote waliokwama! Mnyororo wangu umekatika leo, nani atauunga?"

Akaenda mbio mpaka chumba kilipo kitanda cha Oketch, akarudi mpaka langoni, kichwa kikienda nyuma, mbele, nyuma. Watu wakalipuka. Wanaume walilia kwa sauti, mikono kichwani. Wanawake waliomsusa miaka miwili walimfuata nyuma wakimwitikia. Alilia hivyo mpaka jua likapinda, akalia mpaka kaburini, na waliokuwepo wanasema hadi leo hawajaona mtu akililiwa namna ile. Kwenye ukingo wa kaburi aliisikia shingo yake ikilia ndani, ile sauti ya ufukweni, na hakuacha.

Siku ya pili alikuwa amelala sakafuni katika nyumba yake, jicho la kulia limefumba lenyewe. Nje, ukoo ulikuwa umekaa. Alisikia sauti ya Lornah.

"Sasa mniambie. Shingo iko wapi? Aliruka kutwa nzima, ninyi nyote mlimwona. Kumbe mzima! Kumbe mama yangu alinyimwa makusudi. Alimdanganya kaka yangu, akatudanganya sisi sote, na marehemu amekufa akimtetea."

Na Mzee Dishon akasema, "Ni kweli. Kwa macho yetu tumeona."

Mnaona mambo hayo? Asipolia ni mwuaji. Alipolia ni mwongo. Beldina alijivuta mpaka mlangoni, akashika mwimo, akataka kusema, akatapika. Wakasema ni njaa na majonzi, apewe uji. Nyumba hawakumnyang'anya, maana kweli alikuwa amemlilia mumewe, hilo hawakuweza kumkatalia. Lakini chakula alichopika hakuna aliyekigusa, na hakuna aliyemsindikiza kwenye barabara alipoondoka na watoto wake.

Alikwenda kwa Waithira. Waithira aliishika shingo ile, akaiachia, akaishika tena.

"Ulifanya nini?"

"Nilimlilia Oketch."

Waithira akakasirika. Akatembea mpaka dirishani akasimama huko akimpa mgongo, na aliporudi hasira ilikuwa imegeuka kitu kingine. Akamtuma akapigwe picha upya. Hakuigeuza shingo siku hiyo wala siku nyingine. "Sithubutu tena kuisukuma," akasema. "Nitakukanda, nitakupa joto, nitakuonyesha namna ya kukaa. Ukiipumzisha kabisa, labda baada ya mwaka, mwaka na nusu. Lakini ukiirusha hata mara moja, Mama, mimi sitakuwa na la kufanya." Kisha akasema, "Pole sana kwa Oketch. Alikuwa mtu mwema." Beldina akaipumzisha. Dorca aliacha kwenda shule siku za soko ili akaange mgongo wazi, maana mama yake hakuweza kuinama juu ya moto.

Miezi ikapita. Siku moja mchana Lornah akaingia Obunga, akauliza nyumba kwa majirani, akabisha hodi. Alikuwa amekonda na yeye. Alikaa kwenye stuli, akatazama chini, na Beldina, kwa jicho moja alilokuwa analifungua siku hiyo, aliona kwamba hakuja kwa ubaya.

"Mzee Dishon ametuacha," Lornah akasema.

"Pole. Poleni sana."

"Nyar Kano, nimekaa nikafikiri. Sisi ni watu wa nyumba moja, na tunaisha. Kila wiki tunaisha. Sitaki tubaki na maneno kati yetu. Ile habari ya mama nimekusamehe. Mbele ya Mungu nimekusamehe. Njoo umlilie mzee kama ulivyomlilia kaka yangu, halafu yaishe. Ukoo wote wamesema hivyo, ukija yameisha, na watoto waje wakae kwao."

"Lornah, siwezi. Ni ile siku iliyoniumiza. Tangu siku ile sijalala."

Lornah akamtazama. Hakuwa anamdhihaki, na hilo ndilo baya, alikuwa anajaribu kwa moyo wote kuelewa. "Lakini tulikuona," akasema taratibu. "Mtu anayeumwa anaweza kuruka vile? Dada yangu, nimekwambia nimekusamehe. Usiturudishe tena kwenye shingo."

 Nje Dorca alikuwa akigeuza mifupa ya samaki kwenye mafuta, na harufu ilikuwa inaingia mlangoni. Beldina aliwaza nyumba ya Seme iliyofungwa, na kaburi la Oketch mbele yake ambalo hakuna aliyekuwa akilipalilia.

"Ni Jumamosi?" akauliza.

"Jumamosi hii," Lornah akasema, uso ukimfunguka. "Na Jumamosi inayofuata kuna matanga kwa jirani zetu, nao wamekuulizia. Na wa kule kwa kina Oduor pia. Watu wamekukosa sana, Nyar Kano."

Beldina akasema sawa, atakuja.